Moja Inayobebwa

Basi linaondoka Dar es Salaam saa 4:45 asubuhi, na safari ya kwenda Moshi inachukua saa 8 na dakika 35. Litafika saa ngapi? Msafiri mzoefu hatafuti kalamu. Dakika 45 na dakika 35 ni 80; anaondoa 60, zinabaki 20, na saa moja inahamia upande wa saa. Saa 4 na 8 na ile moja iliyohamia ni 13. Akiondoa 12 inabaki 1, na mchana umekwisha. Abiria watashuka Moshi saa 1:20 usiku.

Mwambie msafiri huyohuyo ajumlishe 47 na 36 katika msingi wa nane, naye atasema mambo hayo hakuyasoma, au aliyasoma akayasahau siku ya mtihani ilipopita. Kumbe anayafanya kila siku. Dakika zake zilijaa zilipofika 60, saa zake zikajaa zilipofika 12, na kila kitu kilipojaa alibeba moja akaipeleka nafasi inayofuata. Hesabu za misingi mbalimbali hazina siri nyingine zaidi ya hiyo. Swali ni moja tu: nafasi inajaa ikifika ngapi?

Shuleni tumezoea nafasi zinazojaa zikifika kumi. Ukiandika 352, ile 2 ni mamoja, 5 ni makumi, 3 ni mamia, na kila nafasi ina thamani mara kumi ya ile iliyo kulia kwake. Kumi hiyo ndiyo inayoitwa msingi. Tukiuweka msingi wa nane, nafasi ya kwanza inabaki ya mamoja, ya pili inakuwa ya manane, ya tatu ya sitini na nne. Tarakimu zinazohitajika ni 0 hadi 7 tu. Nane yenyewe haina tarakimu yake. Inaandikwa 10, yaani nane moja bila mamoja. Anayeona jambo hilo ni geni akumbuke kwamba hata katika hesabu za kawaida kumi haina tarakimu yake. Nayo tunaiandika kwa moja na sifuri.

Sasa turudi kwa 47 na 36 za nane. Saba na sita ni kumi na tatu. Ndani ya kumi na tatu mna nane moja na tano, basi andika 5, beba 1. Nne na tatu na ile moja ni nane kamili: andika 0, beba 1. Jibu ni 105. Anayetilia shaka apime kwa njia ya kawaida: 47 ya nane ni nane nne na saba, yaani 39, 36 ya nane ni 30, jumla yake 69. Na 105 ya nane ni sitini na nne moja, bila nane, na mamoja matano: 69.

Kutoa kunakwenda vivyo hivyo, ila sasa badala ya kubeba tunakopa, na kinachokopwa ni nane badala ya kumi. Katika 52 toa 27, mbili haitoshi kutoa saba. Kopa nane moja, mbili inakuwa kumi. Kumi toa saba ni tatu. Zile tano za upande wa kushoto zimebaki nne, toa mbili, ni mbili. Jibu 23. Wanafunzi wengi hukosea hapo kwa sababu mkono umezoea kukopa kumi. Kosa hilo lina faida kubwa kwa mwalimu makini, maana linamwonyesha mtoto anayekopa kwa mazoea tu na yule anayejua anachokopa.

Kumi imepata ufalme kwa sababu ya vidole, lakini haikuwahi kutawala peke yake. Wamakhuwa wa kaskazini mwa Msumbiji na kusini mwa Tanzania wanahesabu hadi tano, kisha sita kwao ni "thanu na moza", tano na moja, na saba ni "thanu na pili". Wayoruba wa Nigeria wanahesabu kwa ishirini, na wanatoa palepale wanapotaja namba: arobaini na tano kwao ni tano kasoro katika hamsini, na hamsini yenyewe ni kumi kasoro katika ishirini tatu. Mtoto anayekua na lugha hiyo anajifunza kutoa kabla hajashika chaki.

Pwani yetu nayo ina ishirini yake. Boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini Lamu na katika delta ya Rufiji kwenda kujenga nyumba za Ghuba zilihesabiwa kwa korja, na korja moja ni boriti 20. Mwenye korja 7 na boriti 13 akiongezewa korja 5 na boriti 15, boriti zinakuwa 28. Ishirini zinafanya korja moja, nane zinabaki. Jumla ni korja 13 na boriti 8. Mhesabuji wa bandarini hakuhitaji kwanza kuzigeuza zote kuwa boriti 268.

Fedha ndizo zilizowapa watu kazi kubwa zaidi. Rupia iliyotumika pwani na bara katika karne ya 19 ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa nne. Rupia moja basi ni pesa 64. Mfanyabiashara anayedai rupia 3, anna 9 na pesa 3 kwa mteja mmoja, na rupia 2, anna 11 na pesa 2 kwa mwingine, alijumlisha kwa misingi miwili ndani ya hesabu moja. Pesa 5 ni anna moja na pesa moja. Anna 9 na 11 na ile moja ni 21, yaani rupia moja na anna 5. Rupia 3 na 2 na moja ni 6. Jumla: rupia 6, anna 5, pesa 1. Watu walioitwa wasiojua kusoma walifanya hesabu hizi dukani, kwa kichwa, huku wakibishana bei, na inafaa wapewe heshima wanayostahili.

Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ya Afrika Mashariki iliacha kuigawa rupia kwa pesa 64 ikaigawa kwa heller 100. Waingereza upande wa kaskazini nao walihamia senti 100 muda mfupi baadaye. Uingereza yenyewe ilichelewa kuliko makoloni yake: hadi tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20 na shilingi moja peni 12.

Mia ni rahisi kwa karani, hilo halina ubishi. Hata hivyo 64 ilikuwa na uzuri ambao mia haina: inagawanyika nusu, na nusu ya nusu, mara sita mfululizo, bila kuacha kipande. Mia ikigawanywa nusu mara mbili inafika 25, na hapo imekwama.

Watu wa Babeli, Iraq ya leo, waliligeuza suala hili la kugawanyika kuwa elimu kamili. Miaka karibu 4,000 iliyopita waandishi wao walifanya hesabu kwa msingi wa 60, wakibonyeza alama kwenye vigae vya udongo mbichi. Sitini inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Kwa hiyo theluthi ya saa ni dakika 20 kamili, ilhali theluthi ya moja katika desimali ni 0.333 isiyo na mwisho. Walipotaka kugawanya kwa 8 hawakugawanya. Walizidisha kwa 7 na 30, kwa sababu thumuni ya sitini ni saba na nusu, na walikuwa na majedwali ya kuwapa namba kama hizo. Mtu yeyote anaweza kuhakikisha kwa saa ya mkononi: thumuni ya saa ni dakika 7 na sekunde 30.

Kigae kimoja cha zama hizo, kinachohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, kimechorwa mraba na mistari yake miwili ya pembe kwa pembe. Juu ya mmoja wa mistari hiyo zimeandikwa tarakimu nne: 1, 24, 51, 10. Zisome kwa msingi wa 60, yaani moja, jumlisha 24 juu ya 60, jumlisha 51 juu ya 3,600, jumlisha 10 juu ya 216,000, upate 1.414213 kwa kukadiria. Hicho ni kipeuo cha pili cha 2, sahihi kwa kiwango ambacho fundi yeyote wa majengo wa leo angeridhika nacho.

Lakini kila msingi una gharama zake. Katika msingi wa 60 jedwali la kuzidisha linafika 59 mara 59, na hakuna mtoto wa kulikariri lote. Ndiyo maana vigae vingi vilivyofukuliwa ni majedwali. Msingi ukipungua, jedwali linapungua na namba inarefuka. Elfu moja katika msingi wa 60 ina nafasi mbili tu, 16 na 40. Katika msingi wa mbili inachukua nafasi kumi: 1111101000. Anayechagua msingi anachagua apunguze wapi kazi, kwenye kukariri au kwenye kuandika.

Wamisri wa kale walipunguza kukariri hadi karibu kusiwe na kitu cha kukariri. Katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, kuzidisha kunafanywa kwa kurudufu. Kupata 13 mara 24, anza na 24, irudufu iwe 48, kisha 96, kisha 192. Hizo ni 24 mara moja, mara mbili, mara nne na mara nane. Kumi na tatu ni nane na nne na moja, basi chukua 192, 96 na 24. Jumla ni 312. Aliyejua kujumlisha namba na nafsi yake alijua kuzidisha chochote. Huenda mwandishi hakujua kwamba alikuwa anaivunja 13 kwa msingi wa mbili, ila ndivyo alivyofanya: 13 katika msingi huo ni 1101, nane moja, nne moja, bila mbili, na moja.

Msingi wa mbili una tarakimu 0 na 1 peke yake. Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Leibniz alichapisha maelezo yake mwaka 1703, akaonyesha jinsi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ndani yake. Jedwali la kuzidisha ni mstari mmoja wenye maana: moja mara moja ni moja. Kujumlisha nako kuna kanuni moja ya kuzingatia: moja na moja ni 10, andika sifuri, beba moja. Jumlisha 1101 na 1011, yaani 13 na 11. Kutoka kulia, moja na moja ni sifuri, beba moja. Sifuri na moja na ile iliyobebwa ni sifuri, beba moja. Moja na sifuri na iliyobebwa, tena sifuri, beba moja. Mwisho moja na moja na iliyobebwa ni tatu: andika moja, beba moja. Jibu ni 11000, yaani 24.

Kwa binadamu hiyo ni kazi ya kuchosha. Kwa umeme ni kazi nyepesi kabisa, kwa sababu waya ama una umeme ama hauna. Mnamo Novemba 1937 George Stibitz, mtaalamu wa hisabati wa maabara za Bell huko Marekani, alichukua swichi za simu, balbu za tochi na vipande vya bati alivyokata kwenye kopo la tumbaku, akaviunganisha kwenye meza ya jikoni kwake. Kifaa chake kilijumlisha tarakimu mbili za msingi wa mbili. Balbu moja iliwaka iwapo swichi moja tu imebonyezwa. Nyingine, ile ya kubeba, iliwaka iwapo zote mbili zimebonyezwa. Mkewe alikiita Model K, kwa heshima ya jiko, yaani "kitchen" kwa Kiingereza. Mwaka huohuo Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT, aliandika tasnifu iliyoonyesha kwamba mantiki yote ya namna hii inaweza kujengwa kwa swichi. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji ina mabilioni ya swichi za aina hiyo, na kubeba moja ndiyo kazi yake ya kila nukta.

Warusi walijaribu njia nyingine: mwaka 1958 Nikolay Brusentsov na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moscow waliunda kompyuta iitwayo Setun iliyofanya hesabu kwa msingi wa tatu. Ilifanya kazi vizuri, lakini dunia ilikuwa imeshaelekea kwenye mbili.

Watengenezaji wa programu, ambao macho yao huchoka kusoma misururu ya sifuri na moja, hupanga tarakimu nne nne na kuziandika kwa msingi wa kumi na sita. Baada ya 9 zinafuata herufi: A ni kumi, B kumi na moja, hadi F ambayo ni kumi na tano. Kanuni haibadiliki. Katika 2F jumlisha 1C, F na C ni ishirini na saba, yaani kumi na sita moja na kumi na moja: andika B, beba 1. Mbili na moja na moja ni nne. Jibu 4B. Rangi nyekundu ya tovuti inayoandikwa FF0000 inasema tu kwamba taa nyekundu iwake kwa kiwango cha juu kabisa, 255, na ya kijani na ya bluu zizimwe.

Hadi hapa tumekuwa na namba kamili, na namba kamili haziumi. Sehemu ndizo zinazouma. Katika msingi wowote, sehemu inaandikika ikaisha iwapo tu vigawo tasa vya namba yake ya chini vimo ndani ya msingi. Kumi ina 2 na 5, kwa hiyo nusu na sehemu ya tano zinaisha, theluthi haiishi. Msingi wa mbili una 2 peke yake, kwa hiyo hata sehemu ya kumi, ambayo kwetu ni 0.1 nyepesi, ndani ya kompyuta ni 0.000110011001100 na kuendelea bila kikomo. Mashine ina nafasi chache. Lazima ikate.

Tarehe 25 Februari 1991, katika vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulishindwa kulizuia kombora la Iraq aina ya Scud. Wanajeshi 28 waliuawa kambini. Uchunguzi ulikuta kwamba saa ya mtambo ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na ili kupata sekunde programu ilizidisha kwa 0.1 iliyokatwa kwenye nafasi 24. Kila pigo la saa lilipoteza takribani sekunde 0.000000095. Mtambo ulikuwa umewashwa karibu saa 100, mapigo 3,600,000, na upotevu ukawa umefika theluthi ya sekunde. Scud kwa muda huo husafiri zaidi ya nusu kilomita. Rada ilitazama mahali ambapo kombora halikuwepo.

Kuna tatizo jingine ambalo tarehe yake inajulikana. Kompyuta nyingi za zamani hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, katika nafasi 32 za msingi wa mbili, na nafasi ya kushoto kabisa imetengwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, hesabu itafika 2,147,483,647 na nafasi zote 31 zitakuwa zimejaa moja. Sekunde inayofuata itabebwa hadi nafasi ya alama. Mashine ambayo haitakuwa imerekebishwa itaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901. Dawa ni kupanua hadi nafasi 64, na mifumo mingi mipya imeshafanya hivyo.

Kwa uzito wa mambo haya, mtu angetegemea misingi ya namba iwe somo linalopendwa. Historia ya shule zetu inasema vingine. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi za Afrika, Marekani na Uingereza walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hisabati ya kisasa, vyenye seti, misingi ya namba na mengineyo. Nia ilikuwa njema. Lakini vitabu vilifika madarasani kabla walimu wengi hawajaandaliwa, na wazazi waliona mtoto anarudi nyumbani na jumla zisizofanana na za dukani. Kenya iliifuta hisabati hiyo mwaka 1981.

Uganda haikuliacha somo hili. Wanafunzi wa shule za msingi huko bado wanajumlisha katika msingi wa mbili na wa tano, na wanafanya hesabu za mzunguko: leo ni Alhamisi, baada ya siku 40 itakuwa siku gani? Arobaini ina saba tano na baki ya tano, basi hesabu siku tano kutoka Alhamisi, ni Jumanne. Hapo zile saba zinazojaa hazibebwi popote. Zinaachwa, na baki peke yake ndiyo jibu. Swali kama hilo lina maana kwa mtoto kwa sababu wiki anaijua, na ndiyo njia ambayo vitabu vya zamani vingepaswa kuanzia: saa, wiki, dazeni, korja, kisha alama na majina makubwa.

Vifaa vya kufundishia vipo. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Mwalimu anaweza kumpa mtoto kete 38 na safu moja tupu. Kete zote zinaingia shimo la kulia kabisa. Kanuni ni moja: kila zikifika tano katika shimo, zitolewe, na moja iwekwe shimo la kushoto kwake. Tano zinatoka mara saba na kete tatu zinabaki. Saba zilizohamia zinatoa tano moja na kubakiza mbili. Shimo la tatu linapata moja. Mtoto anasoma mbele yake 1, 2, 3, na hiyo ndiyo 38 katika msingi wa tano. Kisha kanuni ibadilishwe, mbili badala ya tano. Zile 38 zitaishia kuwa kete tatu tu, zikiwa zimekaa katika mashimo yenye thamani ya thelathini na mbili, nne na mbili. Namba yake ni 100110. Safu hiyo moja, ikiwa na kete isiyozidi moja kwa kila shimo, inaweza kuonyesha namba zote kuanzia 0 hadi 255, sawasawa na baiti moja ya kompyuta.